Uji Usiomwagika: Chakula cha Kwanza cha Mtoto wa Miezi 6

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha afya ya mama na mtoto hapa Nyarugusu. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio yako imekosa betri, au kwa sababu ulikuwa kwenye foleni ya mgao wakati tuko hewani, karibu pia. Kipindi hiki ni chako.

Leo tunazungumza juu ya uji. Najua utasema: uji, nani asiyeujua? Mimi pia nilidhani naujua. Ngoja nikueleze.

Dada yangu ana mtoto wa kiume. Alipofikisha miezi 6 tulianza kumpa uji, na mimi mjomba wake ndiye niliyekuwa napika asubuhi kabla ya kuja kazini. Tulikuwa watu saba kwenye kadi moja, na mgao ulikuwa umepungua. Nikafanya kama wengi wanavyofanya: unga kidogo, maji mengi, ili tufike mwisho wa mwezi. Mtoto alikunywa kikombe kizima, tumbo likajaa, akalala. Tukafurahi.

Alipofika miezi 9, mhudumu wa afya alipita nyumbani na ule utepe wa kupima mkono. Ukasimama kwenye rangi ya njano. Dada akashtuka, akasema: "Lakini huyu anakula kila siku!" Mhudumu hakutugombeza. Aliomba kijiko, akachota uji wangu, akakiinamisha kijiko. Uji ukamwagika kama maji. Akasema: "Tumbo lake linashiba, lakini mwili wake haujala."

Maneno hayo sijayasahau. Ndiyo maana leo tuko hapa.

(Muziki mfupi)

Kwa nini miezi 6?

Tangu kuzaliwa mpaka miezi 6 kamili, maziwa ya mama peke yake yanatosha. Maji hayahitajiki, hata wakati wa jua kali, kwa sababu ndani ya maziwa ya mama kuna maji ya kutosha. Ukimpa maji au uji mapema, unamwingizia vijidudu vya kuharisha, na yeye atanyonya kidogo, hivyo maziwa yako pia yatapungua.

Baada ya miezi 6 mambo yanabadilika. Maziwa bado ni mazuri, lakini mtoto amekua na anahitaji nguvu zaidi. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo mwilini, yale yanayotengeneza damu, yanaanza kwisha, na maziwa yana chuma kidogo tu. Ukichelewa mpaka miezi 8 au 9, anaanza kurudi nyuma na damu inapungua. Kwa hiyo usiwahi, na usichelewe. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Kwa nini uji uwe mzito?

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 anaweza kula karibu kikombe kimoja tu kwa mara moja. Nafasi ni hiyo hiyo. Ukiijaza maji, hakuna mahali pa kuweka chakula.

Jaribio ni rahisi, na halihitaji pesa. Chota uji kwa kijiko, halafu kiinamishe. Uji mzuri unabaki kwenye kijiko, au unashuka taratibu, kwa uvivu. Ukimwagika mara moja, ongeza unga, pika tena. Kama unga ni mdogo, pika uji mdogo mzito kuliko sufuria kubwa nyepesi. Vijiko vichache vizito vinamsaidia kuliko kikombe cha maji meupe.

Ale kiasi gani?

Siku za kwanza, anza na vijiko 2 au 3 vya uji mzito au chakula kilichopondwa, mara 2 kwa siku. Atatema. Atakunja uso. Hiyo haina maana kwamba hapendi. Anajifunza kutumia ulimi. Jaribu tena kesho, na keshokutwa.

Miezi 6 mpaka 8: mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza pole pole mpaka nusu kikombe kila mara.

Miezi 9 mpaka 11: mara 3 au 4 kwa siku, nusu kikombe. Chakula sasa kipondwe kidogo tu, na vipande laini aweze kuvishika mwenyewe.

Mwaka 1 mpaka miaka 2: mara 3 au 4, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Ale chakula cha familia, kikiwa kimekatwakatwa.

Kikombe ninachosema hapa ni cha mililita 250. Kuanzia miezi 9, ongeza kitu kidogo katikati ya milo, kama ndizi mbivu au kipande cha kiazi kitamu.

(Muziki mfupi)

Uji peke yake haujengi mwili

Hapa ndipo mama wengi wananiuliza: "Wewe mtangazaji unasema mayai na nyama, tutazitoa wapi?" Ni swali la haki. Tuangalie vilivyopo.

Maharage ya mgao: yapike mpaka yalainike kabisa, ponda, chuja maganda, changanya kwenye uji au ugali laini.

Dagaa, ambao Warundi tunawaita ndagala: kiganja kimoja kinatosha siku kadhaa. Safisha vizuri kuondoa mchanga, kausha, twanga mpaka wawe unga, weka kijiko kimoja kwenye chakula cha mtoto kinapochemka.

Lengalenga, ambazo Watanzania wanaziita mchicha: zinaota hata kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba, ukizimwagia maji uliyooshea vyombo bila sabuni. Pika, ponda. Sombe pia inafaa, ila itwangwe sana na iive sana.

Mafuta ya mgao: kijiko kidogo cha chai ndani ya bakuli la mtoto kinaongeza nguvu bila kujaza tumbo.

Ukipata yai moja kwa wiki, usilikatae kwa sababu ni moja. Liive kabisa, lipewe mtoto.

Na ule unga wa lishe unaotolewa kwa watoto wadogo, ni dawa yake. Najua kwenye nyumba ya watu saba ni vigumu kumpikia mmoja wakati wengine wanatazama. Kwetu ilikuwa hivyo. Lakini mtoto wa miaka 7 anaweza kula ugali na maharage. Yule wa miezi 7 hana chakula kingine.

Vitu vya kuacha: chai, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini, asali kabla ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu kali tumboni mwa mtoto mchanga, karanga nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba.

Usafi

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kumlisha, na baada ya choo. Tumia bakuli na kijiko, siyo chupa ya chuchu, maana ile chuchu ni vigumu kuisafisha hapa kwetu. Najua kuni ni shida, na unatamani upike asubuhi mtoto ale mpaka jioni. Lakini chakula kilichokaa zaidi ya saa 2 kwenye joto kinaleta kuharisha. Pika kidogo, amalize.

Mtoto akiumwa, mnyonyeshe zaidi na mpe kidogo kidogo mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, arudishe alichopoteza.

Kwa baba na bibi

Baba, kulisha mtoto siyo kazi ya mama peke yake. Bibi, tunakuheshimu, umelea wengi. Tunakuomba tu umsaidie mkwe wako asubiri miezi 6, na baadaye umkumbushe uji uwe mzito.

Utepe wa mkono ukionyesha njano, nenda kwenye kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Ukionyesha nyekundu, au miguu ikivimba, nenda leo. Usione aibu. Sisi tulikwenda.

Mjomba wangu mdogo, maana ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, alirudi kwenye kijani baada ya wiki kadhaa. Sasa anatembea, na kijiko ananinyang'anya.

Kazi ya nyumbani, msikilizaji: leo kabla ya kumlisha mtoto, inamisha kijiko. Wiki ijayo tueleze umeona nini.

Mpaka hapo, kaeni salama.

(Muziki wa kufunga)