Wagonjwa wa Akili Wanaorudi Hospitalini: Funzo kutoka Kenya

Hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na jina la Mathari ilipewa mwaka 1924. Miongoni mwa wanaofikishwa hapo wamo ambao lango lake wanalijua vema. Walilazwa, wakatibiwa, wakapata nafuu, wakaruhusiwa kwenda kwao. Kisha wakarudishwa mara ya pili, ya tatu na hata zaidi.

Asiyejua hudhani kwamba watu hao hawana dawa. Dhana hiyo si sahihi. Maradhi kama skizofrenia hufanana na kisukari au shinikizo la damu: nafuu hupatikana, lakini matibabu huhitaji kuendelea kwa muda mrefu. Hatari huanza mgonjwa anapofika nyumbani. Akijiona mzima, huacha vidonge. Mwingine huviacha kwa sababu vinamtia usingizi, vinamtetemesha mikono au kumkakamaza mwili. Mwingine anapenda kuendelea navyo, lakini zahanati ya karibu haina dawa hizo, na nauli ya kwenda mjini hana. Baada ya wiki au miezi, usingizi hupotea, sauti zisizosikiwa na wengine hurudi, na ugonjwa huanza upya.

Kwa mgonjwa, kila safari ya kurudi ina hasara yake. Kazi hupotea, mke au mume hukata tamaa, na majirani huanza kumwita kwa jina la ugonjwa badala ya jina lake. Ndiyo sababu wengi huficha dalili za mwanzo, wakati ambapo kubadilishiwa dawa tu pengine kungetosha kuwaepusha na kulazwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapo ndipo suala hili linapowahusu askari. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilimpa ofisa wa polisi uwezo wa kumchukua mgonjwa aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na ikaagiza afikishwe hospitalini katika muda wa saa 24 au muda unaofaa. Sheria hiyo haikumwita mgonjwa mhalifu. Kuchukuliwa kwake ni njia ya kumfikisha kwenye matibabu, wala si adhabu.

Mtu aliyefungwa pingu na kupigwa mbele ya watoto wake hasahau. Safari ijayo hatakwenda kwa daktari mapema. Atakimbia, na atakamatwa akiwa katika hali mbaya zaidi, kwa hatari yake na ya askari mwenyewe. Lakini aliyeelezwa kwa sauti ya utulivu anakopelekwa, akafuatana na ndugu anayemwamini, na dawa zake zikabebwa ili daktari azione, ana sababu ya kutoogopa msaada siku nyingine.

Sheria hiyo hiyo iliwataja wanajeshi pia. Daktari wa jeshi aliweza kumpeleka mwanajeshi kuchunguzwa hospitalini kwa muda usiozidi siku 28 kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ilikwisha kutambuliwa kwamba sare haimkingi mtu na ugonjwa wa akili. Askari aliyevunjika mguu hachekwi anaporudi kwa daktari. Vivyo hivyo aliyeugua akili hastahili kuchekwa na wenzake kambini.

Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoundwa na Serikali ya Kenya kilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kuyapeleka matibabu karibu na wananchi. Huko ndiko kwenye ufumbuzi: dawa zipatikane kijijini, jamaa wafundishwe dalili za mwanzo, na anayerejea nyumbani apewe kazi na heshima yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huo huonekana kwanza nyumbani, na mara nyingi askari ndiye huitwa ukuta unapoanguka. Namna atakavyomchukua mgonjwa siku hiyo itachangia kuamua kama safari ijayo mgonjwa huyo atakwenda hospitalini mapema kwa miguu yake mwenyewe, au atarudishwa tena kwa nguvu.