Makumbusho ya Kwihara: Mgeni Ametajwa, Wenyeji Je?

Miongoni mwa mambo yanayoupa Mkoa wa Tabora heshima mbele ya ulimwengu ni nyumba moja ya udongo mwekundu iliyoko Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora. Wageni wa Ulaya na Marekani huvuka bahari kuja kuitazama. Hapana budi nasi tujiulize: ni wangapi miongoni mwetu wakazi wa Isikizya na vijiji vingine vya Wilaya ya Uyui waliokwisha kuvuka kizingiti chake?

Nyumba hiyo hujulikana kwa jina la Tembe la Livingstone. Ni tembe kweli, lenye paa bapa na kuta nene, na mlango wake umechongwa kwa mtindo wa pwani. Daktari David Livingstone na mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki akisubiri wapagazi na mizigo hadi Agosti mwaka huo huo, akaenda zake kusini, wala hakurudi tena akiwa hai. Ndani ya nyumba zimewekwa nakala za barua, ramani na picha za zama hizo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa kama miezi sita, na nyumba ikaitwa kwa jina lake. Hatusemi jina hilo lifutwe, kwani historia haifutwi kwa kubandua kibao. Tunalosema ni kwamba mgeni hakusafiri peke yake, wala hakupita katika nchi tupu.

Tuchukue mfano ulio ndani ya nyumba hiyo hiyo. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba. Oktoba 1873 walifika Kwihara, wakamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Waliendelea na safari mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, baada ya miezi tisa ya njaa, maradhi na hofu ya vita. Maziko yalipofanyika London tarehe 18 Aprili 1874, katika msafara ule wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyehudhuria. Kama pana tendo la uaminifu linalostahili kusimuliwa kwa kila mtoto anayeingia katika tembe lile, basi ni hilo la watu walioitunza amana mpaka wakaifikisha kwa wenyewe.

Kisha kuna wapagazi wa Unyamwezi, ambao migongo yao ndiyo iliyokuwa reli kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Kabla ya misafara ya pwani kuwa mingi, Wanyamwezi wenyewe walikwisha kuteremka hadi Bahari ya Hindi na pembe zao za ndovu. Walirudi na shanga, nyaya za shaba, kaniki na merikani, kitambaa ambacho jina lake hadi leo linatangaza kilikotoka. Hata neno Ikulu, tunalolitumia kwa makao ya Rais wa Jamhuri, limetoka katika lugha za huku kwetu, ambako lilikuwa na maana ya makao ya mtemi.

Wala tusichague yale matamu tu. Njia ile ilipitisha pembe, ilipitisha pia watumwa. Na baadhi ya wakubwa wetu walipata utajiri katika biashara hiyo kama walivyoupata matajiri wa pwani. Mtemi Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 kwa ajili ya kutawala njia hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani kuliko kutekwa. Mambo hayo, machungu na ya fahari, ndiyo urithi wetu kamili.

Inafaa tutazame wenzetu walivyofanya. Nchi ya Denmark ni ndogo, haifiki hata ukubwa wa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1885, wakati viwanda vilipokuwa vikiyafukuza maisha ya zamani, Bernhard Olsen alifungua mjini Copenhagen makumbusho ya watu wa kawaida. Hakukusanya mataji ya wafalme. Alikusanya vitanda, makabati na nguo za wakulima. Baadaye nyumba za wakulima zikabomolewa kwa uangalifu na kujengwa upya mahali pamoja, na tangu mwaka 1901 makumbusho hayo ya nje yako Lyngby. Mjukuu wa mkulima huingia humo akaona jinsi babu yake alivyoishi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Denmark ili kujifunza. Jirani zetu Wasukuma wana Bujora, karibu na Mwanza, iliyoanzishwa na Padre David Clement kwa kushirikiana na wazee, ambako jengo moja limepewa umbo la kiti cha mtemi. Wahehe wana Kalenga, ambako limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na sisi? Kiti cha enzi cha Unyamwezi chenye egemeo refu kinatazamwa Berlin, na huku kwetu vinu, malindo ya magome, mizinga ya nyuki na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa kale huliwa na mchwa na kutu, au huuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Walimu wa Uyui wawapeleke wanafunzi Kwihara, si kwa matembezi, bali wakiwa na madaftari na maswali. Matawi ya Chama na serikali za vijiji ziandike masimulizi ya wazee wanaokumbuka yale waliyoambiwa na babu zao kuhusu njia ya misafara. Na Isikizya, ikiwa ndiyo makao makuu ya wilaya, itenge chumba kimoja tu, chenye rafu na mlinzi mwaminifu, ambamo kila kijiji kitaleta kifaa kimoja pamoja na jina la aliyekitumia.

Susi na Chuma walikabidhiwa amana ya mtu mmoja, wakaibeba miezi tisa. Sisi tumekabidhiwa amana ya vizazi, na wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka. Tusipoibeba sasa, watoto wetu watakuja kuitafuta nyumbani hapa wasiikute, na watakaoulizwa ni sisi.