Kabla ya mota, lipime geti

Mwenye nyumba anapoingia duka la mota za geti, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Hii inavuta kilo ngapi?" Muuzaji humsomea namba iliyo kwenye boksi, 500, 800 au 1000, na mteja huchukua kubwa kuliko zote ambayo hela yake inafika. Fundi anakuja kufunga, jioni geti linafunguka kwa rimoti, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi kadhaa meno ya gia yamelika au bodi imeungua, na lawama zote zinaiangukia mota. Mara nyingi mota haina kosa lolote. Geti lilikuwa zito kusukumika tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelipima.

Kwetu gari hulala ndani ya uzio, kwa hiyo mlango unaohitaji mota ni geti lenyewe, na hasa lile la kusukuma linalotembea juu ya reli. Ndilo nitakalolizungumzia hapa. Mageti ya mabawa mawili yana mota zake na hesabu zake.

Anza na uzito, ambao unaweza kuukadiria kwa kalamu na karatasi. Bati la chuma la unene wa milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 15.7 kwa kila mita ya mraba. Geti la upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.2 lina mita za mraba 8.8, maana yake bati pekee ni kilo 138. Fremu ya paipu za mraba za milimita 75, zenye unene wa milimita 3, ina karibu kilo 6.7 kwa kila mita. Ukiizungusha na kuweka nguzo tatu za katikati, unaongeza kama kilo 127. Tayari uko kilo 265. Wengi wanapenda bati pande zote mbili ili geti lionekane imara, na hapo unavuka kilo 400, kabla ya nakshi, mikuki ya juu na mlango mdogo wa kupitia watu.

Namba hiyo bado haitoshi. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi zinahesabiwa kwa geti linaloteleza vizuri juu ya reli iliyonyooka. Mota hailinyanyui geti, inalivuta, na jambo la maana kwake ni nguvu ya kulitoa mahali lilipo. Nguvu hiyo inapimika kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki au ya kupimia mabegi ya safari. Funga kamba kwenye ukingo wa geti, ning'iniza mizani, vuta polepole kwa usawa wa reli, na usome namba pale geti linapoanza kusogea. Rudia upande wa pili, kisha simamisha geti katikati na upime tena. Geti zuri la kilo 300 halipaswi kuhitaji zaidi ya kilo 10 hadi 15 za mvuto. Ukisoma 30 au 40, tatizo liko chini, kwenye reli na magurudumu, na mota kubwa zaidi haitalitatua. Mota hiyo italiburuta geti bovu kwa nguvu mpaka kitu kingine kikatike.

Kwa hiyo piga magoti, ulitazame geti kwa chini. Magurudumu yawe na beringi zinazozunguka bila kukwaruza. Ukilisukuma geti ukasikia linapiga kelele sehemu moja ileile kila mara, kuna gurudumu lililokufa au kiungo cha reli kilichochomelewa vibaya. Reli iwe imekaa juu ya zege lenye nondo, siyo juu ya mchanga uliomwagiwa saruji nyepesi, maana gari likipita kila siku reli hiyo inabonyea. Weka pima maji juu yake. Reli yenye mteremko huichosha mota kwenye kupanda na kulikimbiza geti kwenye kushuka. Pwani kuna adui mwingine: chumvi ya bahari inayokula chuma cha pembe kilichotumika kama reli, na mchanga unaojaa kwenye mfereji wa magurudumu. Matengenezo haya yote ni ya fundi wa kuchomelea, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya kununua mota mara mbili.

Wakati wa kufunga kuna nafasi moja ndogo ya kuisimamia mwenyewe. Reki, yaani ule mshipi wenye meno ulioshikizwa ubavuni mwa geti, isikandamize gia ya mota. Panatakiwa mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya meno ya juu na ya chini, kuanzia mwanzo wa geti hadi mwisho wake. Bila mwanya huo uzito wa geti unaegemea gia, na mhimili wa mota unapinda taratibu. Mwambie fundi alisogeze geti kwa mkono, sentimita baada ya sentimita, na wewe utazame. Mwanya ukibana katikati na kuachia mwishoni, reki haijanyooka.

Baada ya hapo ndipo unachagua mota. Kuna zinazotumia umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 230, na kuna za volti 12 au 24 zinazokula umeme wa betri huku gridi ikiichaji betri hiyo. Kwa nyumba zetu nashauri za betri, bila kusita. Umeme ukikatika saa mbili usiku wewe ukiwa nje, mota ya ukutani inageuka kuwa kufuli. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7, ikiwa nzima, inaweza kufungua na kufunga geti jepesi mara nyingi kabla ya kuishiwa. Geti zito huila haraka zaidi. Betri nayo huchoka, hasa kwenye joto, kwa hiyo tarajia kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Mota za ukutani zina shida nyingine: zikifunguliwa mfululizo hupata joto, na swichi yao ya ndani huzizima mpaka zipoe. Nyumba yenye wapangaji wanne na magari manne itaipata adha hiyo kila asubuhi.

Mota ikae juu ya kitako cha zege, ili maji ya masika yasiifikie, na matundu ya nyaya yazibwe. Mijusi na sisimizi wanapenda sana joto la bodi, na mjusi mmoja akigusa nyaya mbili bodi nzima inakwenda. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, ambako radi hupiga sana, wasifunge mota bila kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme.

Kuhusu rimoti, uliza jambo moja tu: je, msimbo wake unabadilika kila unapobonyeza? Rimoti za zamani hutuma msimbo uleule siku zote, na ndizo zinazonakiliwa mitaani kwa dakika chache. Yenye swichi ndogo 12 ina misimbo 4,096 tu. Mwaka 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kwamba kidude cha kuchezea watoto kikirekebishwa kinaweza kuijaribu yote ndani ya sekunde zisizozidi 10. Teknolojia ya msimbo unaobadilika imekuwepo muda mrefu. Mojawapo ya zilizoenea duniani, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Hakuna sababu ya kuuziwa rimoti ya zamani leo.

Nimeliacha mwisho lile linalonigusa zaidi. Katikati ya mwaka 2010 watoto wawili wa Uingereza, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 5, walikufa kwa kubanwa na mageti ya umeme katika matukio mawili tofauti, yote ndani ya wiki moja. Marekani, mota za milango ya gereji za majumbani zilizotengenezwa tangu mwanzo wa mwaka 1993 haziruhusiwi kuuzwa bila kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Kwetu ile jozi ya macho ya usalama, yanayotazamana kwa mwali usioonekana na kulisimamisha geti mtu anapopita, huuzwa kama nyongeza, na ndiyo ya kwanza kukatwa mteja anapoomba apunguziwe.

Mota nzuri hutambua kizuizi hata bila macho: geti likigusa kitu, inahisi mzigo umeongezeka na kurudi nyuma. Lakini geti likiwa zito kusukumika, fundi hupandisha nguvu ya mota ili lisikwame njiani, na mota iliyopandishwa hivyo haiwezi tena kutofautisha reli chafu na kifua cha mtoto. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuanza na mizani.

Dai macho hayo, yafungwe kama nusu mita kutoka chini, ili yamwone hata mtoto mdogo. Dai vizuizi vya chuma vilivyochomelewa imara pande zote mbili za reli, kwa sababu umeme ukiisha na mtu akalisukuma geti kwa mkono, geti lisilo na kizuizi linatoka relini na kumwangukia. Kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho, mwambie alifunge geti kwa rimoti huku boksi tupu la katoni limesimama njiani. Geti lisimame au lirudi kabla ya kulibonyeza boksi. Kisha yafunike macho kwa kitambaa na ujaribu tena. Geti likatae kujifunga. Mwisho awaonyeshe wote wanaoishi humo, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, ufunguo wa kuachia mota unawekwa wapi na unazungushwaje, na kila mmoja alifungue geti kwa mkono wake, fundi akiwa bado yupo.