Mikataba ya Oklahoma City Thunder mwaka 2012

Mikataba ya Oklahoma City Thunder mwaka 2012 ni maamuzi ya usajili na mishahara yaliyofanywa na timu ya mpira wa kikapu ya Oklahoma City Thunder ya Marekani baada ya kushindwa katika fainali ya NBA mwezi Juni 2012. Katika miezi minne iliyofuata klabu ilimwongezea mkataba Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville nchini Kongo, ikamsajili Mtanzania Hasheem Thabeet, na hatimaye ikamtoa James Harden kwenda Houston Rockets. Uamuzi huo wa mwisho bado unajadiliwa hadi leo, na ni mfano mzuri wa jinsi kanuni za mishahara zinavyoweza kuvunja kikosi kilichojengwa kwa miaka mingi.

Usuli

Klabu hii ilihamia Oklahoma City mwaka 2008 ikitokea Seattle, ambako iliitwa SuperSonics. Meneja mkuu wake, Sam Presti, alijenga kikosi kwa kutegemea drafti, yaani utaratibu wa kila mwaka ambao timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, na timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Kwa njia hiyo ilimpata Kevin Durant mwaka 2007 (nafasi ya 2), Russell Westbrook (nafasi ya 4) na Ibaka (nafasi ya 24) mwaka 2008, kisha Harden mwaka 2009 (nafasi ya 3).

Mwaka 2012 timu ilifika fainali na kufungwa na Miami Heat michezo 4 kwa 1. Wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyekuwa ametimiza miaka 24. Wengi waliamini kwamba kikosi hicho kingerudi fainalini mara nyingi.

Tatizo lilikuwa fedha. Mkataba wa kwanza wa mchezaji aliyechaguliwa mapema kwenye drafti huwa nafuu kwa klabu, kwani mshahara wake hupangwa na kanuni za ligi. Mchezaji akifanya vizuri, mkataba wa pili huwa mkubwa mara kadhaa. Durant alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka mitano mwaka 2010, na Westbrook akapata wake Januari 2012. Ibaka na Harden walifika hatua hiyo kwa pamoja, na mwisho wa kukubaliana nao ulikuwa tarehe 31 Oktoba 2012.

Kanuni za mishahara

Mwaka 2011 wamiliki wa timu waligombana na chama cha wachezaji kuhusu mgawanyo wa mapato. Ligi ilisimama kuanzia Julai hadi Desemba, na msimu uliofuata ukapunguzwa kutoka michezo 82 hadi 66. Makubaliano mapya yaliyomaliza mgogoro huo yalikuwa na mambo matatu yaliyoigusa Thunder moja kwa moja:

1. Ukomo wa mishahara. Kwa msimu wa 2012–13 ulikuwa takriban dola milioni 58. Timu iliruhusiwa kuuvuka ili kubakiza wachezaji wake yenyewe, hivyo ukomo huu haukuizuia Thunder kumlipa Harden.

2. Kodi ya anasa. Timu ambayo mishahara yake ilizidi takriban dola milioni 70 ilipaswa kulipa kodi. Awali kodi ilikuwa dola moja kwa kila dola iliyozidi. Kuanzia msimu wa 2013–14 ikawa ya kupanda ngazi: dola 1.50 kwa kila dola katika milioni 5 za kwanza, dola 1.75 katika milioni 5 zinazofuata, dola 2.50 katika milioni 5 za tatu, na kuendelea. Timu inayorudia kuvuka mstari huo miaka mingi ingelipa zaidi.

3. Mkataba wa miaka mitano. Klabu iliruhusiwa kumpa mchezaji wake mmoja tu nyongeza ya miaka mitano baada ya mkataba wa drafti. Thunder ilikwisha kuitumia nafasi hiyo kwa Westbrook, kwa hiyo Harden angeweza kupewa miaka minne tu.

Tuchukue mfano wa timu iliyozidisha mstari wa kodi kwa dola milioni 12. Kwa kanuni ya zamani ingelipa kodi ya milioni 12. Kwa kanuni mpya ingelipa milioni 7.5, kisha milioni 8.75, kisha milioni 5, jumla milioni 21.25. Kwa klabu ya mji mdogo kama Oklahoma City, ambao mapato yake ya matangazo ya televisheni hayalingani na ya Los Angeles au New York, tofauti hiyo ni kubwa.

Maamuzi ya mwaka 2012

Ibaka aliongezewa mkataba mwezi Agosti, muda mfupi baada ya kushinda medali ya fedha na timu ya taifa ya Hispania katika Olimpiki ya London. Mkataba huo wa miaka minne uliripotiwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 48.

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisajiliwa mwezi Julai kama mchezaji huru ili kuimarisha nafasi ya kati. Katika drafti ya 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa 2, nafasi moja tu mbele ya Harden. Hivyo walioitwa mmoja baada ya mwingine mwaka 2009 walipishana Oklahoma City mwaka 2012: mmoja akiingia, mwingine akitoka. Thabeet alibaki katika klabu hiyo hadi 2014.

Harden alikuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, klabu ilimpa ofa ya takriban dola milioni 54 kwa miaka minne, wakati kiwango cha juu alichoweza kulipwa kilikaribia milioni 60. Hawakukubaliana. Klabu pia ilikuwa na njia nyingine: kanuni mpya ziliruhusu kila timu kumwacha mchezaji mmoja wa zamani bila mshahara wake kuhesabiwa kwenye kodi. Wachambuzi wengi walimtaja Kendrick Perkins kuwa angeweza kuachwa hivyo, lakini Thunder haikutumia njia hiyo.

Tarehe 27 Oktoba Harden alipelekwa Houston pamoja na Cole Aldrich, Daequan Cook na Lazar Hayward. Thunder ilipata Kevin Martin, Jeremy Lamb, nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti na moja ya raundi ya pili. Siku chache baadaye Houston, ambayo haikuwa imetumia nafasi yake ya miaka mitano, ilimpa Harden mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 80.

Matokeo

Msimu wa 2012–13 Thunder ilishinda michezo 60 na kuongoza kanda ya Magharibi, lakini Westbrook aliumia goti katika raundi ya kwanza ya mtoano, na timu ikatolewa na Memphis katika raundi ya pili. Martin aliondoka mwaka 2013. Nafasi moja ya drafti ilimleta Steven Adams, aliyekaa klabuni misimu saba.

Harden alikuwa na wastani wa pointi 25.9 katika msimu wake wa kwanza Houston. Baadaye wachezaji watatu wa kikosi kile kile walichaguliwa kuwa wachezaji bora wa msimu wa NBA: Durant mwaka 2014, Westbrook mwaka 2017 na Harden mwaka 2018. Durant aliondoka mwaka 2016 kwenda Golden State Warriors bila kuipa Thunder ubingwa.

Hata hivyo, mkataba wa Ibaka ulizaa matunda kwa njia ndefu. Mwaka 2016 alibadilishwa na Orlando Magic kwa Victor Oladipo, Domantas Sabonis na Ersan İlyasova. Mwaka 2017 Oladipo na Sabonis walibadilishwa kwa Paul George. Mwaka 2019 George alipelekwa Los Angeles Clippers, na Thunder ikampata Shai Gilgeous-Alexander pamoja na nafasi kadhaa za drafti, mojawapo ikitumika kumchagua Jalen Williams mwaka 2022. Wawili hao waliiongoza Thunder kutwaa ubingwa mwezi Juni 2025 kwa kuifunga Indiana Pacers michezo 4 kwa 3. Ilikuwa fainali yake ya kwanza tangu ile ya 2012.