Kunyamaza Kwenye Meza ya Upasuaji Si Subira

Mara kwa mara katika msikiti wetu hapa Mbegani huombwa dua kwa ajili ya mke wa ndugu yetu aliyepelekwa hospitali kujifungua kwa upasuaji. Tunaitikia amin, kisha wengi wetu tunabaki na hofu ya sindano ya mgongo, tusijue hasa kinachotendeka. Dua ni silaha ya muumini, lakini haimwondolei wajibu wa kujua.

Sindano hiyo, ambayo daktari Mjerumani August Bier aliitumia katika upasuaji mwaka 1898, hutia ganzi sehemu ya chini ya mwili, mama akabaki macho. Lakini pia hulegeza mishipa. Damu nyingi hutuama miguuni, presha ikashuka. Mama akilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na hali huzidi. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Ikipungua kufika kichwani, ubongo hukosa haki yake, na mtoto tumboni naye huathirika.

Ndiyo maana wahudumu humwegemeza mama upande wa kushoto, humtundikia dripu na humpa dawa ya kupandisha presha, kama efedrini au fenilefrini. Mapendekezo ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2018 yanataka namba ya juu ya presha ibaki walau asilimia 90 ya kiwango cha awali: aliyeingia na 120 asishuke chini ya 108.

Kifaa kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni iliyomo katika damu, si kiasi cha damu kinachofika ubongoni. Huweza kuonyesha namba nzuri ilhali mama ameanza kusikia kichefuchefu, kizunguzungu, au giza machoni. Mara nyingi hizo ndizo dalili za mwanzo, na mwenye kuzihisi ni yeye peke yake.

Hapa ndipo penye nasaha yetu. Mabinti zetu tumewalea wastahimili na kuona haya, hasa mbele ya wanaume wasio maharimu. Adabu hiyo ni njema, lakini kuficha kizunguzungu mezani si subira. Mtume (SAW) alituamrisha kutafuta tiba, na kumweleza tabibu hali yako ni sehemu ya tiba.

Enyi waume, mama wakwe na mashangazi: siku mnapofungasha kanga za uzazi, mwambieni binti: "Ukijisikia vibaya, sema papo hapo." Uhai wake ni amana, na ulimi wake ni miongoni mwa walinzi wake.

Wabillahi tawfiq.