Paka Mkubwa wa Lothagam

Ndugu wafugaji wa Lodwar na Kakuma, ninyi mnaokesha kwa sababu ya fisi na chui, je, mwajua ni mnyama gani aliyewinda katika nchi yenu yapata miaka milioni 7 iliyopita? Mifupa yake ilifukuliwa Lothagam, kusini-mashariki ya Lodwar, karibu na ziwa, katika uchimbaji ulioongozwa na Bibi Meave Leakey miaka ya 1989 hadi 1993. Mwaka 2003 mtaalamu wa Sweden, Bwana Lars Werdelin, alimwita Lokotunjailurus. Mwanzo wa jina hilo umetoka katika neno la Kiturkana la paka, na mwisho wake ni Kigiriki, maana yake paka vilevile. Basi ameitwa paka mara mbili!

Kimo chake kilikuwa kama cha simba jike, ila mwili mwembamba zaidi. Meno yake mawili ya juu yalikuwa marefu na bapa kama kisu. Lakini cha ajabu zaidi ni kucha ya kidole gumba cha mguu wa mbele: ilikuwa kubwa mno, na kucha nyingine ndogo. Yaonekana ndiyo aliyonasia windo.

Siku hizo Lothagam ulipita mto mkubwa wenye viboko na mamba. Kulikuwa na farasi wa vidole vitatu, na tembo wenye pembe nne. Simba alikuwa hajatokea bado.

Sasa sikilizeni, maana ninyi na watoto wenu ndio mnaopita na mbuzi kila korongo. Mvua ikiosha udongo, mifupa iliyogeuka mawe hujitokeza. Usiiokote. Umri wake hujulikana kwa tabaka la udongo na majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Jino lililochukuliwa mfukoni mpaka Kakuma halina umri tena, ni jiwe tu. Weka alama ya mawe kando yake, kisha mwambie chifu au Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 yataka habari ipelekwe kwa Makumbusho katika siku 7, pamoja na mahali penyewe hasa. Kuchimba bila kibali ni kosa.

Watu wa Lodwar waweza pia kuuliza Turkwel, kwenye kituo cha Turkana Basin Institute.