Vijiko vinne vya uji kwa mgonjwa mahututi

Msomaji wa Mwanga, Kigoma, ameuliza kuhusu kaka yake aliyelazwa ICU. Siku ya kwanza madaktari walizuia asipewe chochote tumboni. Kesho yake waliruhusu uji mwepesi kwa mpira wa puani, mililita 20 tu kwa saa. Mtu mzima atashibaje kwa vijiko vinne vya chai?

Uji ule haukuwa wa kumshibisha. Ulikuwa chakula cha utumbo wenyewe.

Mgonjwa mahututi hupatwa na mengi tumboni: vidonda vinavyovuja damu, tumbo kujaa na kukataa kusukuma chakula, kuharisha kwa sababu ya antibayotiki. Hayo nayapita, maana swali hili jibu lake limo kwenye kitu kisichozidi milimita moja.

Tuanze na mshtuko, hali ya presha kushuka hadi viungo vikakosa damu. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika unaijua. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na mwezi ule ule wagonjwa walikaribia 3,000 na waliofariki wakafika 31. Anayeharisha hivyo hupoteza maji hadi mapigo ya mkononi hayashikiki. Mwili hapo hubana mishipa ya tumbo ili moyo na ubongo visikose. Kwa kipindupindu, maji yakirejeshwa upesi damu hurudi tumboni na mgonjwa huweza kula. Mwenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini anaweza kukaa katika mshtuko siku kadhaa.

Utumbo mwembamba una vijidole vingi mno ndani yake, vya kufyonza chakula. (Nimechagua "vijidole" kwa kuwa vinyweleo ni vya ngozi, na hivi havina uhusiano na jasho wala nywele.) Ndani ya kila kijidole damu hupanda hadi nchani, kisha hushuka kwa mishipa iliyo jirani kabisa na mshipa uliopandisha. Ujirani huo ndio hatari yenyewe.

Nitaeleza kwa mfano wa meli. MV Liemba, iliyowabeba wakimbizi wale kutoka Kagunga hadi Kigoma, ilitia nanga mbali na ufuko, watu wakaifuata kwa mitumbwi. Sasa fikiria Liemba mbili. Moja inatoka Kigoma imejaa magunia ya kupeleka Mpulungu, ncha ya kusini ya ziwa. Nyingine inarudi Kigoma tupu, ikipita ubavuni mwa ile ya kwanza. Katikati ipo mitumbwi isiyotulia, inahamisha magunia kutoka iliyojaa kwenda iliyo tupu. Meli zikienda kasi, mitumbwi hupata machache, na Mpulungu hupokea mzigo wake. Injini ikilegea, meli zikajikokota, mitumbwi ina siku nzima ya kuhamisha. Bandari za njiani zitaonja tu: Kipili watapata kidogo, Kasanga kidogo zaidi, na Mpulungu itaona meli imefika bila gunia hata moja, ilhali Kigoma inapokea shehena iliyorudi bila kufika popote.

Magunia ni oksijeni. Hupenya kutoka damu inayopanda kwenda inayoshuka, na damu ikipungua kasi, ncha ya kijidole hukosa kabisa. Ndiyo maana katika mshtuko seli za nchani hutangulia kufa. Wanasayansi wa Sweden, Ove Lundgren na Ulf Haglund, walilichunguza hili kwa paka. Walipopitisha maji ya chumvi yenye oksijeni ndani ya utumbo, ncha zilisalimika ingawa damu ilikuwa haba. Napenda sana jaribio hilo: Mpulungu ililetewa mzigo kutoka nchi kavu!

Uji nao hupitia upande huo huo, ndani ya utumbo. Seli za utumbo hujijenga upya kila siku 3 hadi 5, na sehemu ya lishe yake hutoka moja kwa moja kwenye chakula kinachopita. Kidogo kinatosha kuziamsha na kuita damu. Ila kufyonza chakula ni kazi, na kazi hula oksijeni. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa 2,410 wenye mshtuko waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kundi moja lilipewa lishe kamili mapema kwa mpira, jingine kwa mshipa. Vifo havikutofautiana, lakini utumbo kukosa damu kuliwapata kama 2 kati ya 100 wa kundi la mpira, na chini ya 1 wa kundi la mshipa.

Basi ikiwa kaka yako alikuwa katika mshtuko, siku yake ya kwanza ilikuwa ya kusubiri presha itulie, na ya pili ya kuuamsha utumbo polepole. Muuguzi akivuta kwanza kwa bomba la sindano, anaangalia kama uji uliotangulia umeondoka tumboni. Ndugu msimwongezee uji kwa siri, hata kwa huruma. Mkiona tumbo limevimba, au anatapika, mwiteni muuguzi kabla kijiko kingine hakijapita.